Taulo la Raundi ya Saba

Ndondi sizipendi. Na wanaume wanaokaa kitako kutwa kuzizungumza, hao ndio siwapendi kabisa. Bahati yangu mbaya ni kwamba hao ndio wateja wangu.

Nauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Muyeye, mbele ya duka la kinyozi. Meza yangu na benchi lao vimetenganishwa na mtaro mwembamba wa maji machafu, kwa hiyo kila wanalosema nalisikia, nikitaka nisitake. Kama wangekuwa wanasema siasa au kusengenya, ningechangia. Lakini wao ni ndondi, na si ndondi za kweli, ni ndondi za uongo. Wanamchukua bondia aliyekufa zamani na bondia anayepigana leo, watu ambao hawajawahi kukutana hata njiani, wanawapandisha ulingoni kwa maneno na kutaka kujua nani angempiga nani. Watu wazima, wenye wajukuu.

Mchezo huo una sheria, na ole wako ukiivunja. Kila bondia hupewa siku yake, ile siku moja aliyokuwa bora kuliko siku zote. Huruhusiwi kumleta mtu akiwa mgonjwa, wala mlevi, wala mzee. Ndiyo maana kabla ya pambano lazima mtu aulizwe, "Wamchukua wa siku gani?" Akishajibu, mwamuzi husimulia pambano raundi kwa raundi, na kinyozi hugonga mkasi kwenye kiti chake kuwa ndiyo kengele. Hukumu ikishatoka imetoka. Hata ukilia.

Mwamuzi alikuwa fundi.

Fundi ni mshona kanzu, mtu mwembamba, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Yeye na baba walizaliwa Takaungu, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, wakala viboko vya mwalimu mmoja, wakahamia Malindi mwaka mmoja. Baba akawa bondia. Fundi hakuwa na mwili wa kupigana, akawa msaidizi wake. Alimfunga glavu, alimpaka mafuta, na wakati wa pambano alikaa kwenye kona yake na ndoo ya maji na taulo. Watu wanasema ukimwona mmoja ulikuwa ukimtafuta mwingine kwa macho.

Hayo yaliisha kabla sijazaliwa, Mombasa, kwenye pambano la raundi kumi kati ya baba na mwanajeshi mmoja wa bara. Mshindi angechaguliwa kwenda kupigana nje ya nchi. Raundi sita baba aliongoza. Raundi ya saba mkono wake wa kushoto ulishuka, mwanajeshi akamjia, baba akapiga goti moja, akasimama, akajiwa tena mpaka akapiga magoti. Fundi akatupa taulo ulingoni. Taulo likiingia pambano limekwisha, umeshindwa. Baba hakupata tena nafasi kama ile, na mwaka haukupita akaacha ndondi, akawa mlinzi wa geti kwenye hoteli ya ufukweni.

Hadithi hiyo niliinyonya pamoja na maziwa. "Nalikuwa namtega!" ndivyo baba alivyosema maisha yake yote. "Mkono naliushusha kusudi ili aje. Kidogo tu, kidogo tu ningemlaza! Na yule mtupa taulo akanimaliza." Jina la fundi hakulitaja tena nyumbani. Alikuwa ni yule mtupa taulo, basi. Na hata hivyo kila siku ya Mungu alikwenda kukaa naye benchi moja. Watu wa pwani tunajua kugombana bila kuachana.

Mimi nilirithi ugomvi huo kama wengine wanavyorithi minazi. Fundi nilimpa shikamoo, kwa sababu shikamoo si ya mtu, ni ya umri. Lakini mahamri yake yalikuwa yale yaliyopoa, na mbaazi zake zilitoka chini ya sufuria ambako tui halifiki. Alikula bila neno. Hilo nalo lilinikera. Mamangu tu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemfanyia adabu. Kila Idi sahani ya kwanza ya pilau iliyotoka nyumbani kwetu ilikwenda kwa fundi, na baba aligeuza uso akajifanya hakuiona ikipita. Nilidhani mama ana moyo mwepesi tu.

Sasa basi. Katika miaka hii ya karibuni mtaa wetu ulipata bondia wake, kijana anayeonekana kwenye televisheni, na benchi likapata wazimu mpya. Baba wa wakati ule na kijana wa leo, nani angempiga mwenzake? Wa kwanza kuuliza alikuwa dereva wa tuktuk, mtu wa bara aliyehamia hapa, ana sauti kubwa kuliko chombo chake.

"Mzee, achana na stori za zamani," alimwambia baba. "Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Huyu kijana ako na kocha, ako na gym, asubuhi anakula mayai sita. Wewe ulikuwa unakula nini? Muhogo!"

"Muhogo ndio uliompiga babako," baba akasema.

Benchi likaangua kicheko. Fundi akavua miwani, akauliza kama sheria inavyotaka, "Wajichukua wa siku gani?"

"Wa siku ile," baba akajibu.

Angeweza kuchagua siku nyingine. Alikuwa na ushindi mwingi, kinyozi alimkumbusha, dereva naye alimkumbusha. Hakutaka. Siku yake bora ilikuwa ile ya Mombasa, raundi sita mbele, na alitaka mtu mmoja duniani akiri hivyo. Mtu huyo akasimulia raundi ya kwanza mpaka ya sita, baba akishinda zote, na alizisimulia vizuri, shetani yule, mpaka nikaacha mahamri yakaungua kwenye karai. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Raundi ya saba. Mkono wa kushoto umeshuka. Hauinuki. Kijana auona. Waja wa kulia, waja tena. Natupa taulo."

Baba alichukua bakora yake akaondoka. Kesho yake akarudi. Wakampandisha na bondia mwingine, Mzungu aliyekufa miaka mingi iliyopita. Raundi ya saba, taulo. Wiki iliyofuata Mkongo mmoja. Raundi ya saba, taulo. Ilikuwa kama kumwona mtu akipeleka kidole kwenye mlango ule ule uliombana jana, na mwenzake amekaa nyuma ya mlango akingoja. Nilimchukia fundi kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nikikanda unga wa asubuhi nikimfikiria, na mahamri yalitoka laini ajabu.

Kisha baba akaanguka chooni. Hospitalini daktari alinivuta pembeni, akaniambia moyo umechoka, nimrudishe nyumbani nimtunze, siku zenyewe si nyingi. Baba hakuambiwa. Alilala chumba cha uani, akaacha kula, akaacha kumtukana dereva hata alipokuja kumtazama. Neno lililomtoka lilikuwa moja. "Angalau mara moja," aliniambia nikimlisha uji. "Angalau mara moja anipe."

Sikuuliza nani wala ampe nini. Niliweka bakuli chini, nikavaa buibui, nikaenda kwenye duka la fundi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Babako hajambo?"

"Hajambo wapi? Yuwafa."

Mguu wake ukasimama juu ya cherehani.

"Leo baada ya alasiri utakuja nyumbani," nikamwambia. "Utakaa karibu na kitanda chake. Utampandisha na yule kijana, na leo baba atashinda."

"Hukumu haitolewi hivyo, mwanangu. Babako mwenyewe hata..."

"Mimi si mwanao. Umemwua raundi ya saba na huyu kijana, umemwua na Wazungu, umemwua na watu waliozikwa kabla hajazaliwa. Leo utamwacha hai."

Alinitazama juu ya miwani. "Wajua unaloliomba?"

"Siombi."

Alikuja. Kanzu safi, viatu akaviacha mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki nilichomsogezea kwa mguu. Baba alimtazama na uso ukamchangamka kidogo, hilo siwezi kulikana, na lilinichoma. Wakaulizana hali. Fundi akasema benchi limemkumbuka, tena leo amekuja na pambano. Mimi nilikuwa kengele, nikagonga kijiko kwenye glasi.

"Nikuchukue wa siku gani?"

"Wa siku ile."

Akaanza. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akisimulia kwa mikono pia, vidole vyake vya kushonea vikipiga hewa taratibu, na baba akizungusha mabega chini ya shuka. Mpaka ya sita kijana wa leo alikuwa hajapata kitu. Nikagonga kijiko. Fundi akanitazama. Nikamkazia macho.

"Raundi ya saba," akasema. "Mkono wa kushoto... umeshuka. Kijana auona, aja. Lakini ni mtego! Wa kulia watoka chini, wampata kidevuni. Kijana yuko chini. Yuahesabiwa. Hainuki. Umeshinda."

Nilimgeukia baba nikitabasamu, nikingoja furaha yake. Baba alikuwa akinitazama mimi.

"Daktari kasemaje?" akaniuliza.

"Kasema utapona, baba."

"Muongo wewe. Na huyu muongo mwenzio." Hakupaza sauti. "Miaka yote hii mtu huyu hajanipa raundi ya saba. Nimemtukana, nimemsusa, nimemnunia, hajanipa. Leo kanipa. Basi nafa, nanyi wote mwajua isipokuwa mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Katika mtaa mzima nilikuwa mimi peke yangu, niliyesikiliza mchezo ule kila siku, ambaye sikuuelewa. Hukumu ya kupewa haikuwa ushindi. Ilikuwa ni kumwambia mtu kwamba hahesabiwi tena miongoni mwa wanaopigana. Tusi kubwa kuliko yote aliyowahi kutukanwa baba nililitafuta mimi, nikaliagiza, nikalisogezea kiti.

"Rudi raundi ya saba," baba akamwambia fundi. "Isimulie kama ilivyo."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akafuta na macho. "Raundi ya saba," akasema. "Mkono wa kushoto umeshuka."

"Enhe."

"Hauinuki."

"Na kweli haukuinuka," baba akasema. "Nalijaribu. Ulikuwa kama si wangu."

Neno hilo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Fundi aliinamisha kichwa.

"Natupa taulo," akasema.

"Tupa."

Wakakaa hivyo. Sikugonga kijiko. Baadaye baba akasema fundi hajapewa hata chai, nyumba hii imekosa adabu tangu mamangu afe, nami nikaenda jikoni nikachemsha maji nikiwa nimewakasirikia wote wawili, na zaidi nafsi yangu.

Fundi alipoondoka baba aliniita nikae.

"Taulo lile wajua lilikuwa la nani?"

"La fundi," nikasema. "Ndiye aliyelitupa."

"Mkono ndio uliokuwa wake. Taulo lilikuwa jeupe, pembeni lina maua mekundu ya uzi. Mamako aliyadarizi alipokuwa mwali, lilikuja na vitu vyake vya harusi. Mimi nimepiga magoti, damu machoni, taulo likaanguka mbele yangu nikayaona yale maua. Nikajua ni nani aliyempa fundi, na kamwambia nini."

"Na hukumuuliza mama?"

"Nimuulize nini? Alikuwa na wewe tumboni, miezi saba. Ningegombana na mwanamke mwenye mimba yangu? Na mimi nilikuwa na hasira, ilibidi nigombane na mtu. Nikagombana na fundi." Akavuta pumzi. "Naye angeweza kusema, si mimi, ni mkeo. Siku yoyote angeweza. Hakusema."

Niliikumbuka ile sahani ya kwanza ya pilau, Idi baada ya Idi, na baba akigeuza uso. Nilikumbuka na mbaazi zangu zisizo na tui. Nilidhani nimebeba ugomvi wa baba, kumbe nimebeba gunia tupu, na kwa miaka yote hiyo waliokuwa wakinitazama nikitoka jasho walijua halina kitu. Nilimkasirikia hata mamangu kaburini.

"Nikifa," baba akasema, "anioshe yeye."

"Baba, ami yupo, na wanawe wapo. Watasemaje?"

"Yeye. Mbavu zangu azijua."

Alikufa siku ya nne, asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Kufikia adhuhuri nyumba ilijaa. Ami alifika kutoka Takaungu na wanawe wawili, akavua saa yake, akakunja mikono ya kanzu, akatangaza kwamba wao ndio watakaomwosha ndugu yao, maziko ni baada ya alasiri. Kila mtu akaona ni sawa. Wasia wa baba nilikuwa nimeusikia mimi peke yangu, hakukuwa na shahidi mwingine wala karatasi.

Nilinyamaza. Nasema wazi, nilinyamaza kwa muda wote wa kuchemka sufuria kubwa ya maji. Kupitia dirishani nilimwona fundi amesimama nje ukutani, peke yake, watu wa benchi wamekaa kwenye mkeka na hawakumkaribisha, kwa sababu wao nao walikuwa na hadithi ile ile niliyokuwa nayo mimi. Na moyoni nikasema, asimame. Kama alijua kunyamaza miaka yote hiyo, na anyamaze leo. Kumwomba radhi mtu ambaye umemlisha makombo ni kazi nzito, na kumchukia nilikuwa nimekuzoea. Hata kumwita ndani sikuwa na uso wa kumwitia.

Maji yalipochemka ami akaja kuyachukua.

"Ami," nikamwambia, "baba ameacha wasia. Aoshwe na fundi."

"Fundi yupi? Yule aliyemtupia taulo?"

"Huyo huyo."

"Una wazimu, mtoto wewe? Ndugu yangu amelala na kinyongo chake na mtu yule mpaka leo."

"Wasia ni wasia, ami. Ikiwa kuna dhambi, nitaibeba mimi."

Alinitazama kwa chuki, na mimi nilijua chuki ile inavyopikwa, hata kumlaumu sikuweza. Akatoka uani akaita. Fundi aliingia akipita katikati ya watu wote, macho chini. Akanawa, akakunja mikono ya kanzu, futi akaivua shingoni akanipa nimshikie. Wakafunga pazia, ndani yeye na mtoto mmoja wa ami, nje mimi, nikipitisha vitu kimoja kimoja: maji, sabuni, kafuri.

Mwanamke haoni kinachofanyika nyuma ya pazia lile, lakini husikia. Nilisikia maji. Nilisikia dua. Wakamaliza upande wa kulia, wakaja wa kushoto, na nikamsikia fundi akimwambia yule mtoto wa ami, kwa sauti yake ya benchi, "Mkono huu uinue polepole. Huu haupendi kuinuliwa."

Hapo ndipo nilipolia, nilikuwa sijalia tangu asubuhi.

Kisha maji yakanyamaza. Mkono wake ukatoka pembeni mwa pazia, umelowa mpaka kwenye kiwiko, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Taulo, mwanangu."

Lilikuwa begani mwangu, jipya, jeupe, halina maua. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye pazia, na watu nyuma yangu wananitazama. Nilisogea, nikaliweka katikati ya kiganja chake, nikavifunga vidole vyake juu yake kwa mkono wangu. Sikumtupia.